Kuku wa Hasira

Hasira iliyompata Swalehe ndani ya kibanda cha gemu, nyuma ya soko la Ruangwa, haikuwa ile ya kupanda na kushuka kama maziwa jikoni. Ilipanda ikakaa. Na usimlaumu kabla hujasikia, maana hata wewe ungekasirika.

Aliingia mle kwa shughuli ndogo tu. Yeye na mkewe Safina walikuwa wametoka kwao Naipingo, upande wa Nachingwea, kuja kwenye harusi ya Amna, mdogo wake Safina. Kwa kuwa safari ilikuwepo, Swalehe alibeba na padi ya gemu yake ya nyumbani, maana kijiti chake cha kushoto kilikuwa kimelegea siku nyingi na aliambiwa Ruangwa kuna fundi. Safina akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, wakapita kwenye nyanya na mitumba, mpaka kwenye kibanda cha fundi huyo, Kasmiri, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Kasmiri aliipokea padi, akaigeuzageuza. "Hii imerushwa ukutani," akasema.

"Ilianguka," Swalehe akajibu.

"Haya. Unachezea gemu gani?"

"La mawimbi. Lile la kusimama kwenye ubao baharini."

Kasmiri akacheka. "Hilo humu ndani lina mwenyewe. Kuna jamaa anakuja kila Jumatano, dereva bodaboda. Anacheza kwa mkono mmoja, huku wa pili unakula chipsi. Ngoja nijaribu padi yako, nikuonyeshe."

Akaifungua padi, akakaza kijiti, akawasha tivii. Ikatokea ile bahari ambayo Swalehe aliijua kuliko shamba lake mwenyewe, halafu orodha ya walioshinda, kumi bora. Jina la kwanza lilikuwa JAMALI CHINONGWE, alama laki mbili na kumi na mbili elfu. La pili Jamali. La tatu Jamali. Kati ya majina kumi, manane yalikuwa ya mtu huyo mmoja.

Swalehe aliisoma orodha mara mbili. Jamali wa Chinongwe, dereva bodaboda, alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake, na zaidi ya hapo alikuwa mtani wake. Kila Jumapili alikwenda Naipingo wakacheza gemu hilihili, na kila Jumapili Swalehe alimshinda. Alama za juu kabisa alizowahi kupata Jamali pale nyumbani zilikuwa elfu thelathini.

"Padi imepona," Kasmiri akasema. Swalehe hakumsikia.

Sasa ni lazima nieleze, maana bila kuelezwa mtu atasema: jamaa kaachiwa ushindi kwenye gemu, ndiyo nini?

Swalehe alikuwa mpakiaji wa mizigo. Msimu wa ufuta mwaka juzi alipanda juu ya lori pale ghalani, akapanga magunia, akateleza, akaanguka chali juu ya jiwe. Toka kiunoni kwenda chini hakuna kitu tena. Alipolazwa, ndugu walikuja wakalia. Marafiki walikuja wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakasema kwa sauti ndogo, halafu wakageuka wakamuuliza Safina, "Anakula?" Yeye yupo palepale, macho kodo, masikio mazima, anaulizwa mkewe badala yake, kama yeye ni ng'ombe aliyeletwa mnadani. Anakula? Anapata usingizi? Swalehe alitamani kuwauma.

Kisha akaja Jamali. Alisimama miguuni pa kitanda, akamwangalia, akatikisa kichwa. "Hebu nielewe, mtani," akasema. "Lori lilikuwa linatembea?"

"Lilikuwa limesimama," Swalehe akajibu.

"Limesimama! Watu wanaanguka kwenye malori yanayokimbia, wewe umeangushwa na lori limelala! Sasa tutakuita Gunia. Hata gunia likipangwa linatulia."

Shangazi mmoja akasema astaghafirullah. Swalehe akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, akidhani mgonjwa amezidiwa. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza toka aanguke.

Hivyo ndivyo utani ulivyo kwao. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani toka tumboni. Atakutukana, atakula chakula chako, hata kwenye msiba wako atavaa kanzu yako aige unavyotembea, na hakuna wa kumkemea. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia kweli, umekosea wewe, na unamlipa kuku. Lakini utani una upande wa pili ambao watu hawausemi kwa kuwa hauhitaji kusemwa: unamtukana aliye sawa na wewe. Aliyekwisha hatukanwi, anaombewa dua.

Kwa hiyo dunia nzima ilipomwita Swalehe mgonjwa, Jamali peke yake alimwita Gunia. Ni Jamali aliyeleta ile mashine ya gemu kutoka Dar, imefungwa kwenye fulana kuukuu, akasema, "Umeshindwa kusimama juu ya lori, labda utasimama juu ya maji." Na kweli, ukibonyeza kitufe cha pembetatu, yule mtu kwenye tivii aliyelala kifudifudi juu ya ubao anasimama. Anasimama kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, wimbi linamfuata nyuma refu kuliko msikiti. Ukikosea mizani anatupwa, ubao unamgonga kichwani. Siku ya kwanza Swalehe alishindwa, lakini hiyo hakuiandika. Zilizofuata alishinda zote, na kila aliposhinda alichora mstari wa mkaa ukutani, juu ya kabati la vyombo, Safina akigomba kwamba nyumba imekuwa shule. Mistari ilifika sitini na mmoja. Jirani akija kumpa pole, Swalehe alimwonyesha ukuta. "Kuna mtu mwenye miguu yake miwili," alisema, "nimempiga mara sitini na moja."

Fikiria alivyojisikia mbele ya tivii ya Kasmiri.

Harusi ya Amna ilipita Swalehe akiwa amekunja uso kama mdaiwa. Watu wakasema maumivu yamemzidi. Wakamuuliza Safina, "Anakula?"

Jumapili, saa nne asubuhi, pikipiki ikanguruma uani kwao Naipingo. Jamali akaingia na mihogo kwenye mfuko. "Gunia! Hujaoza bado?"

"Kaa," Swalehe akasema. "Anza wewe."

Jamali alikaa kwenye mkeka, akashika padi. Siku hiyo Swalehe hakuangalia tivii, aliangalia kidole gumba cha binamu yake. Kilikuwa kidole chepesi, kinakwenda na wimbi, kinarudi, hakibabaiki. Halafu, wimbi lilipoanza kujikunja na kuwa tundu, pale penye alama nyingi, kidole kikaachia kijiti. Hakikuteleza. Kiliachia taratibu, kama mtu anayemwachia mtoto kamba ili ajione ana nguvu.

"Yalaa!" Jamali akapiga kelele. "Bahari imenikataa tena!"

"Laki mbili na kumi na mbili elfu," Swalehe akasema.

Jamali akageuka.

"Kasmiri anakusalimia. Anasema siku hizi unakula chipsi kwa mkono wa kulia au wa kushoto?"

Kule jikoni Safina aliacha kupepea moto. Jamali akajaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Mtani, unajua, kule kwa Kasmiri padi zao ni nyepesi..."

"Usiniite mtani!" Sauti ilimtoka Swalehe mpaka mbuzi wa jirani wakalia. "Majirani wananihurumia, sawa, ni majirani, hawana kazi. Wewe unatoka Chinongwe kila Jumapili, unachoma mafuta yako, unakuja kunihurumia nyumbani kwangu! Mwaka na zaidi! Nimechora mistari ukutani kama mtoto wa chekechea, nimewaonyesha watu, nimejisifu. Ulikuwa unaiangalia unacheka?"

"Wallahi sikucheka."

"Heri ungecheka! Ungecheka ningejua bado niko hai. Kumbe wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kunizika. Wenzako wanauliza kama ninakula, wewe ukawa unanilisha kabisa. Toka."

"Swalehe..."

"Toka nyumbani kwangu. Na utani umekwisha."

Neno hilo halisemwi. Jamali aliweka padi chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai, akasimama. Mlangoni alimtupia jicho Safina. Safina akainamia sufuria. Swalehe akaliona jicho hilo, na akaona pia jinsi mkewe alivyolikwepa.

Pikipiki ilipokwisha kusikika, akasema, "Ulikuwa unajua."

Safina akaingia, kipepeo cha moto mkononi. Mwanamke huyu si wa kubembeleza, na siku hiyo hakuwa na mpango wa kuanza.

"Najua kuliko unavyodhani," akasema. "Nilikwenda mwenyewe Chinongwe kumwomba."

Swalehe akamkodolea macho.

"Unakumbuka siku ya kwanza, ile ambayo hukuichora? Jamali alikushinda, akakuita Gunia, utani wake uleule. Ukarusha padi ukutani. Fundi kaijua kwa kuishika tu, wewe unamwambia ilianguka! Ukageukia ukuta siku mbili, hukula, hukusema. Siku mbili, Swalehe! Mimi nimekaa hapo nakusikiliza unavyohema, najiuliza kama unataka kufa. Nikapanda gari nikaenda kwa binamu yako, nikamwambia, mwachie ashinde. Alikataa. Akasema mtani hafanyiwi hivyo. Nikalia mbele yake ndipo akakubali. Unataka mtu wa kumkasirikia, nikasirikie mimi."

"Mlinifanya mjinga."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe ulikataa kushindwa, basi ukakosa mshindani. Umebaki na mtu wa kukuangukia." Akarudi jikoni. "Na mihogo yake nitaipika, sitaitupa."

Ilikuwa kweli, na ukweli ukimkuta mtu ana hasira haumpozi, unamwongezea kuni. Swalehe alikasirika wiki nzima. Alimkasirikia Safina kwa kwenda Chinongwe, akamkasirikia Jamali kwa kukubali, akamkasirikia fundi kwa kuijua padi. Lakini aliyemkasirikia zaidi ya wote alikuwa mwanamume yule aliyegeukia ukuta siku mbili, na huyo hakuwa na pa kumfukuzia. Jumanne alichukua tambara bichi akafuta mistari yote sitini na mmoja. Mkaa haukufutika, ulisambaa, ukuta ukawa na doa jeusi kubwa kuliko dirisha. Safina aliliangalia, akaenda kuchota maji.

Jioni zote mbili zilizofuata alicheza peke yake. Alihesabu alivyoanguka. Safari hii hakuwa na Jamali wa kuanguka zaidi yake, na hapo ndipo alipojua uwezo wake ulivyo mdogo.

Jumapili pikipiki ikanguruma tena. Swalehe alikuwa uani, kivulini. Jamali hakupiga hodi wala hakusalimu. Alizima pikipiki, akasimama katikati ya uwanja, akatoa sauti ya kusikika hadi kwa jirani wa tatu.

"Nimekuja kuchukua kuku wangu!"

"Kuku gani?"

"Umenikasirikia, na shahidi alikuwepo. Umenifukuza nikiwa na njaa. Sheria unaijua, au uliiacha juu ya lori?"

Jirani mmoja akatoa kichwa juu ya ua. Swalehe alisikia damu ikimpanda shingoni. Kwa mara ya kwanza toka kile kibanda, hasira yake ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Na wewe ulimhurumia mtani wako," akasema. "Faini yake nini?"

Jamali akafikiri kweli, akajikuna kidevu. "Hiyo haina faini. Haijapata kutokea."

"Basi tucheze. Ukishinda, chukua kuku. Nikishinda, pikipiki yako utaisukuma kwa mikono mpaka Nachingwea mjini, na mimi nitakuwa nimekaa juu yake."

"Na nikiachia?"

"Ukiachia nitajua," Swalehe akasema. "Naangalia kidole."

Waliingia ndani. Safina alisimama mlangoni, mikono kifuani. Swalehe alianza. Alicheza kama mtu anayegombana, meno yameuma mdomo, na alifika elfu arobaini na tatu, zaidi ya alivyowahi kufika maishani mwake. Akamrushia Jamali padi.

Jamali akachukua muhogo wa kuchemsha kwenye sahani, akauma, akashika padi kwa mkono mmoja.

Sijui nieleze vipi. Yule mtu wa kwenye tivii, ambaye siku zote alikuwa anatupwa kama tambara, alisimama juu ya ubao akastarehe. Aliingia ndani ya tundu la wimbi akapotea, akatokea upande wa pili, akaruka hewani, akazunguka mara mbili, akatua. Akarudi tena tunduni. Elfu hamsini. Elfu themanini. Laki. Jamali alitafuna. Jirani wa uani alikuwa ameshaingia mpaka sebuleni bila kukaribishwa. Laki moja na nusu. Kwenye laki moja na themanini na sita elfu wimbi likaisha lenyewe, mtu akafika ufukweni kwa miguu yake bila kulowa nywele.

"Gunia," Jamali akasema, mdomo umejaa, "mimi nilidhani unajua kidogo. Kumbe hujui kabisa! Sitini na moja zile ungenishinda vipi, we mtu unayeshindwa na lori limezimwa? Hata huyo mzungu wa kwenye tivii ukimshika wewe anapata kiharusi. Ubao wenyewe unakuonea aibu."

Jirani aliziba mdomo. Padi ilikuwa imerudi mkononi mwa Swalehe. Aliikamata mpaka plastiki ikalia. Safina aliitazama padi, Jamali naye akaacha kutafuna akaitazama. Mkono wa Swalehe ukainuka, ukafika usawa wa bega, na wote watatu wakakumbuka ukuta.

Alikuwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo. Alishindwa mbele ya mkewe, mbele ya jirani, kwa mkono mmoja, na mtu anayetafuna muhogo wa nyumbani kwake. Akaushusha mkono. Akaiweka padi mapajani.

"Safina," akasema, "mkamatie mtani kuku."

"Yupi?"

"Yule mweusi," Jamali akadakia.

"Yule anataga kila siku!" Safina akapiga kelele, na sasa naye alikuwa na hasira yake. "Nyie wawili mmegombana, faini naitoa mimi? Hasira hasara, lakini hasara ya nani?" Alikwenda akimfukuza kuku uani huku akiwalaani wote, na ukoo wao wote, upande wa mama na upande wa mjomba.

Jamali hakungoja. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda kwenye ukuta, na juu ya lile doa jeusi akatafuta mahali pasafi. Akachora mstari mmoja, mrefu kuliko ilivyokuwa yote ya Swalehe, na pembeni yake akachora kuku, mbaya sana, ana miguu mitatu.

"Jumapili ijayo nataka jogoo," akasema.

"Jumapili ijayo njoo naye kwenye kamba," Swalehe akajibu, "huyo kuku atarudi kwake. Na useme kwenu usiku mmoja kabla, wakuandalie machozi, masikio kama ungo wewe."

"Ndiyo, mtani," Jamali akasema, na hapo sauti ilimkatika kidogo, akajifanya amepaliwa na muhogo.

Akaondoka, kuku mweusi amefungwa miguu kwenye usukani, anapiga kelele njia nzima ya Naipingo. Watu walitoka kuuliza. Jirani aliwaeleza, akaongeza na yake. Mpaka adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinamcheka Swalehe, wazi, kwa jina la Gunia, na mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kumnong'oneza Safina alipita uani akamwuliza Swalehe mwenyewe, usoni, kama ni kweli amepigwa na mtu anayekula.

"Ni kweli," Swalehe akasema. "Pita, mama, una wiki moja tu ya kucheka."

Safina hakumpa chakula mpaka alasiri, kwa ajili ya kuku wake. Swalehe hakulalamika wala hakugeukia ukuta. Meno yalikuwa yanamuuma kwa hasira. Alisogeza kiti mbele ya tivii, akaanza upya, wimbi la kwanza likamjia, akabonyeza kitufe cha kusimama.